Revolva ao bastola ya shajeri? Kwanza tuhesabu wanaokuja usiku

Jirani yangu anauza simu na vipuri vya pikipiki hapa Butembo. Jioni moja ya wiki jana, wakati alikuwa anafunga duka, aliniita pembeni kama mtu anayetaka kukopa pesa. Hakutaka pesa. «Ndugu muandishi, weye unasoma mambo mengi. Mutu akitaka kulinda nyumba yake, achukue ile ya kuzunguka ao ile ya shajeri?»

Nilimuomba arudilie, maana sikuamini masikio yangu. Alikuwa anazungumzia bastola. Ile ya kuzunguka ni revolva, yenye pipa dogo la matundu matano ao sita, kila tundu na risasi yake. Ile ya shajeri hubeba masasi ndani ya mshiko na hujipakia yenyewe: risasi moja ikitoka, ya pili inapanda mahali pake. Sikumjibu jioni ile. Nilimwambia anipe siku chache, na hili ndilo jibu langu. Ninaliandika hadharani kwa sababu siamini kwamba ni yeye peke yake anayejiuliza.

Mwanzoni mwa 2025, Goma katika mwezi wa kwanza na Bukavu katika mwezi wa pili, bunduki, masasi na sare za kijeshi viliachwa barabarani na askari waliokuwa wanakimbia. Bukavu tuliona vijana, hata watoto, wakiokota silaha hizo. Silaha iliyookotwa hairudi yenyewe kwenye depo. Inatafuta mnunuzi. Na mtu aliyekwisha kuvunjiwa duka, anayesikia milio usiku na asubuhi anauliza nani amekufa, nitamwambia nini akitaka kitu cha kushika mkononi? Simcheki. Ninataka tu tulifuate swali lake hadi mwisho, kwa sababu wengi wanaliacha katikati.

Wamarekani ndio waliolikalia sana swali hili. Kwao ni kama sisi tunavyobishana TP Mazembe na V.Club: lina miaka, lina mashabiki, halina mwisho. Lakini katika mabishano yao kuna mambo ya kweli, na yafaa tuyajue.

Tuanze na revolva. Samuel Colt aliandikisha uvumbuzi wake Marekani mwaka 1836, na tangu wakati huo kanuni haijabadilika sana: pipa linazunguka, nyundo inapiga, risasi inatoka. Sifa yake kubwa ni kwamba haingojei risasi ya kwanza ifanye kazi ndipo itoe ya pili. Risasi ikiwa mbovu, imelowa ao imezeeka, unavuta kifyatulio tena, tundu lingine linakuja. Haina resori ya shajeri ya kuchoka. Na ukitaka kujua kama imejaa, unafungua pipa, unaona matundu yote kwa macho yako. Kwa mtu asiye askari, hiyo si sifa ndogo.

Ubaya wake nao unajulikana. Masasi sita, basi. Kuijaza tena gizani, mikono ikitetemeka, ni kazi ya mtu aliyezoea. Kifyatulio chake ni kizito: kwenye revolva nyingi, kukivuta bila kuinua nyundo kwanza kunataka nguvu ya karibu kilo tano, na mkono usiozoea huyumbisha mtutu kabla risasi haijatoka. Tena, wale wanaosema revolva haikwami hata siku moja wanatudanganya. Hukwama mara chache, lakini ikikwama kwa uchafu ao kwa chuma kilichopinda, huifungui kwa vidole. Unatafuta fundi.

Ile ya shajeri ina historia inayotugusa kwa karibu zaidi. Aliyeifikisha mbali ni Mmarekani, John Browning, lakini nyingi kati ya bastola zake zilitengenezwa Ubelgiji, katika kiwanda cha FN kule Herstal, karibu na Liège. Browning alifariki humo humo kiwandani mwaka 1926. Kazi aliyoiacha ilimalizwa na Mbelgiji, Dieudonné Saive, na mwaka 1935 ikatoka ile inayoitwa GP, yenye masasi 13 wakati ambapo bastola nyingi zilibeba saba ao nane. Herufi hizo FN hatuhitaji kufafanuliwa hapa Congo: wazee wetu waliziona kwenye bunduki za askari kabla ya uhuru na baada yake. Kisha, mwaka 1982, Gaston Glock wa Austria akaleta bastola ya mwili wa plastiki ngumu na masasi 17, na polisi wa nchi nyingi wakaipenda.

Masasi mengi, kifyatulio chepesi, shajeri mpya inaingia kwa sekunde mbili. Kwa nini basi usiichukue hiyo? Kwa sababu inataka vitu ambavyo mtu wa kawaida hana. Inataka masasi mazuri, resori nzima, na mkono unaoishika imara. Mkono ukilegea, chuma cha juu hakirudi vizuri, ganda la risasi linabanwa mlangoni mwake, na bastola inanyamaza. Kulitoa ganda hilo kunataka mikono miwili na akili iliyotulia. Mwenye kushika mtoto kwa mkono mmoja atalitoa na nini?

Kuna hatari moja ambayo nitaikalia kidogo, kwa sababu imeua watu waliodhani wanajua. Ukitoa shajeri, bastola haijawa tupu. Risasi moja inaweza kuwa imebaki tayari nyuma ya mtutu, na huwezi kuiona ukiitazama bastola kwa nje. Mtu anatoa shajeri, anaiweka mezani, anamwonyesha shemeji yake kwamba hakuna kitu, anavuta kifyatulio kwa mchezo. Bastola nyingine, GP ikiwa mojawapo, zina kizuizi: shajeri ikiwa nje, hazifyatui. Nyingine nyingi, Glock ikiwa mojawapo, hazina. Aliyeokota bastola kando ya barabara hajui ameshika ya aina gani. Na hakuna karatasi ya maelezo iliyoanguka pamoja nayo.

Utasema: atajifunza. Wapi? Polisi wa Marekani wana viwanja vya kupigia shabaha, na hata hivyo wanakosa mara nyingi. Hapa kwetu, risasi moja ikilia mchana, mtaa mzima unakimbia, maduka yanafungwa, wazazi wanakwenda kutafuta watoto shuleni. Hakuna raia anayeweza kufanya mazoezi katika miji hii bila kuleta hofu ao kukamatwa. Atakayenunua bastola ataifyatua kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba yake, usiku, mbele ya mke na watoto.

Kwa hiyo, kama jirani yangu angenilazimisha kuchagua tu kati ya vyombo viwili, ningesema hivi: askari polisi mwenye mafunzo, ya shajeri, mchuuzi asiye na mafunzo, revolva. Inasamehe zaidi. Haina mambo mengi ya kusahau. Wanaouza silaha huko Marekani watabisha, wengine watakubali, na mabishano yataendelea.

Sasa twende mahali ambapo mabishano hayo yalipata nguvu, kwa sababu ndipo jibu langu linageuka.

Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, wapelelezi wanane wa FBI walizuia gari la wezi wawili waliokuwa wakiiba mabenki, Michael Platt na William Matix. Wengi wa wapelelezi walikuwa na revolva, wachache walikuwa na bastola za shajeri. Mapigano hayakufika dakika tano. Masasi karibu 145 yalipigwa. Wapelelezi wawili walikufa, Jerry Dove na Benjamin Grogan, watano wakajeruhiwa, na wezi wote wawili wakauawa. Mpelelezi mmoja alipigwa mkononi wakati alikuwa akijaza revolva yake. Hapo Wamarekani wengi wakasema: revolva imekwisha. FBI ikabadilisha silaha zake, polisi wa miji wakafuata, New York ikaanza mwaka 1993.

Lakini tazama vizuri. Dove alikuwa na bastola ya shajeri, nayo ilipigwa na risasi ikafa mkononi mwake. Aliyemaliza mapigano ni Edmundo Mireles, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umevunjwa na risasi. Alitumia kwanza bunduki ya kalibri 12 kwa mkono mmoja, kisha akawaendea wale wezi na revolva, masasi sita. Revolva ile ile iliyotangazwa kwamba imekwisha.

Wamarekani wamebishana miaka mingi juu ya ukubwa wa risasi za siku ile. Mimi ninaona jambo rahisi zaidi. Platt alikuwa na bunduki ndefu, Ruger Mini-14. Bunduki moja ndefu, mikononi mwa mtu aliyekubali kufa, iliangusha watu waliosomea kazi hiyo, waliokuwa wanane, mchana kweupe, na waliokuwa wanajua wanamfuata nani. Hesabu hiyo ndiyo niliyotaka jirani yangu aione. Wanaovamia maduka na nyumba katika miji yetu hawaji na bastola tupate kulinganisha shajeri na pipa. Wanakuja watatu, wanne, sita, na AK-47. Risasi ya AK inapita ukuta ambao wewe umejificha nyuma yake. Wamekwisha kuona nyumba yako mchana. Wanajua saa, wewe umelala. Na mara nyingi wanataka pesa na simu, kisha waondoke. Siku utakapofyatua, hata ukiwa na masasi 17, hawatakuwa tena watu wanaotaka pesa.

Sisemi kwamba anayetii hauawi. Tumezika watu waliotoa kila kitu. Ninasema tu kwamba bastola haikupi nafasi unayodhani imekupa.

Kuna jina lingine ambalo wasomaji wetu wanalikumbuka: Amadou Diallo, kijana wa Guinée. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, huko Bronx, New York, polisi wanne walimkuta mbele ya mlango wa nyumba alimoishi. Hakuwa na silaha. Mmoja akadhani ameona bastola, ilikuwa pochi. Walipiga masasi 41, na 19 yakamfikia. Wawili kati yao walimaliza shajeri nzima, masasi 16 kila mmoja. Mwaka 2000 mahakama iliwaachilia wote wanne. Nilipiga hesabu yangu ndogo: wangekuwa na revolva za zamani za masasi sita, wasingeweza kupita 24 bila kusimama na kujaza, na katika kusimama huko huenda mmoja angeona pochi. Labda Diallo angekufa vilevile. Lakini shajeri kubwa huurefusha woga wa mtu. Kidole kinachoogopa hakihesabu.

Na yale masasi 22 yasiyomfikia Diallo yalikwenda wapi? Yalikwenda kwenye kuta na milango. Nilipokuwa mwanafunzi nililala miaka kadhaa Goma katika nyumba ya mbao, kama maelfu zilizojengwa juu ya mawe ya Nyiragongo baada ya mlipuko wa Januari 2002. Usiku nilisikia jirani akikohoa kana kwamba tuko kitanda kimoja. Ubao unaopitisha kikohozi, utazuia risasi ya 9 mm? Anayepiga mwizi mlangoni katika mtaa kama ule anapiga pia kitanda cha mtoto wa nyumba ya pili, na ya tatu. Hapo revolva na ya shajeri ni sawa kabisa. Tofauti ni kwamba moja itafanya hivyo mara sita na nyingine mara nyingi zaidi.

Tena kuna ile hatari isiyokuja kutoka nje. Oktoba 1993, Arthur Kellermann na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine uchunguzi juu ya watu waliouawa nyumbani kwao katika wilaya tatu za Marekani. Waliona kwamba nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari ya mtu kuuawa humo karibu mara 2,7 kuliko nyumba isiyo nayo, na zaidi kwa mkono wa ndugu ao mtu wanayejuana. Wapenzi wa bunduki waliushambulia sana uchunguzi huo, na ni kweli Marekani si Butembo. Lakini kila mmoja wetu ajiulize ni mara ngapi, katika ukoo wake, ugomvi wa kiwanja, wa mali ya marehemu ao wa pombe ya jumapili umefika kwenye panga. Sasa weka bastola chini ya godoro lile lile.

Chini ya godoro, ndiyo. Kwa sababu ukiifungia ndani ya sanduku la chuma ili watoto wasiifikie, hutaifikia na wewe pale mlango utakapovunjwa. Na ukiiweka karibu na mkono wako, iko karibu na mkono wa mtoto pia.

Sheria nayo isisahauliwe. Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 haimruhusu raia kushika silaha ya moto bila kibali cha serikali. Na tangu sheria ya 2002 juu ya mahakama za kijeshi, raia anayetenda kosa kwa silaha ya vita anahukumiwa na majaji wa kijeshi. Bastola nyingi zinazouzwa kwa siri zimetoka kwa askari ao polisi. Mtu akikukuta nayo, hatakuuliza kwanza kama uliinunua kulinda watoto. Ataita jina ambalo sote tunalijua: mshiriki. Wakati huu, katika eneo hili, jina hilo linatosha kumpoteza mtu.

Nikifika hapa ninamsikia jirani yangu: «Weye unaandika kwa sababu hauna duka.» Ni kweli, sina. Na kuna swali ambalo siwezi kumjibu na ambalo halipaswi kujibiwa na mwandishi wa habari. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi. Gavana ni mwanajeshi, meya ni polisi. Kama chini ya viongozi hao wenye sare mchuuzi bado anauliza kati ya bastola mbili ipi ni nzuri, basi uchunguzi haupaswi kuanzia kwake. Uanzie kwenye simu ya polisi isiyoitika saa nane za usiku, kwenye patroli inayopita saa mbili na kutoweka, na kwenye madaftari ya maghala: bunduki ngapi zilitolewa, zilipewa nani, ngapi zilirudi. Askari asiyepokea mshahara akauza shajeri yake moja, ameuza usalama wa mtaa mzima, na aliyechelewesha mshahara huo ameuza pamoja naye.

Wakati tunangoja majibu hayo, watu wa mitaa yetu wana silaha moja ambayo sijaiona katika mabishano ya Wamarekani: filimbi na masufuria. Mmoja anapiga, nyumba kumi zinapiga, barabara nzima inaamka na taa zinawaka. Haizuii AK. Lakini wezi wanaotegemea usingizi wetu hawapendi kelele, na hakuna mtoto aliyekufa kwa kuchezea sufuria ya mama yake.

Jana nilimwendea dukani nikamweleza yote haya, pungufu kidogo. Alisikiliza huku akipanga vioo vya simu. Mambo ya Browning hayakumgusa. Diallo alimkumbuka, alikuwa angali kijana wakati ule. Kisha akanirudisha Miami.

«Wale polisi walikuwa wangapi?»

«Wanane.»

«Na wezi?»

«Wawili.»

Alinyamaza, akatazama mlango wake wa mbao, akaupima kwa kiganja kutoka juu hadi kwenye komeo. Kisha akaniuliza kama ninamjua fundi wa kuchomelea milango ya chuma asiyependa bei ya juu.